Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Somo la wiki: 2 Wafalme 4:8–10 na 8:1–6

Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wakiagana mlangoni, mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni. "Mchungaji," akasema, "zamu yangu ya sala ya nyumbani ikifika, naomba mnipite." Nikadhani kuna ugonjwa au msiba. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mchungaji. Kwangu hakuna pa kumkalisha mtu."

Mama huyu alifika Kampala mwaka 2025, baada ya Bukavu, huko Kongo, kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Februari. Anapanga muzigo upande wa Katwe: chumba kimoja, pazia katikati, nyuma ya pazia kitanda na watoto, mbele ya pazia maisha mengine yote. Wengi wenu mnasoma haya mkiwa katika chumba cha namna hiyo hiyo, kwa hiyo sina haja ya kukieleza sana. Mbele ya pazia ana sigiri, madumu mawili ya maji, sanduku la bitenge anavyouza, na mkeka. Kiti hakuna.

Jioni ile ile tulimtembelea, mimi na mke wangu. Tukakaa mkekani, tukanywa chai. Ndipo akatuambia jambo ambalo limenikosesha usingizi. Fedha ya kiti anayo, ameiweka akiba kidogo kidogo. Ila kila akitaka kuitoa, mkono unamwishia nguvu. "Bukavu niliacha sebule," akasema. "Kabati la sahani, meza, viti sita vya mbao alivyotuachia mama mkwe. Nikinunua kiti hapa, ni kama nimekubali kwamba vile vimekwisha na mimi sirudi tena."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Tafakari ya wiki hii ndiyo jibu langu kwake, na ameniruhusu niwaandikie ninyi nyote, maana najua hayuko peke yake.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Huko Shunemu palikuwa na mwanamke mwenye mali. Nabii Elisha alipita njia ile mara kwa mara, na mama huyu hakumwacha apite bila kula. Siku moja akamshauri mumewe wamjengee mtu huyu chumba kidogo juu, wamwekee humo kitanda, meza, kiti na taa, ili kila ajapo awe na pa kufikia. Hesabuni vitu hivyo. Ni vinne. Hatusomi habari ya zulia wala ya vyombo vya fedha, ingawa uwezo wa kuvinunua alikuwa nao. Kila kimoja kati ya vile vinne kinajibu haja ya mtu aliyechoka njiani: alale, ale, akae, aone. Mama yule alipanga chumba akianzia kwa mgeni.

Sisi hapa mjini tunapanga sebule tukianzia kwa majirani. Watasema nini? Ndiyo maana nimeona nyumba mbili mwaka huu ambazo seti ya sofa iliingia na amani ikatoka. Zote mbili zilikuwa na sherehe ya kwanjula, ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mbele yao, zote mbili zilikwenda kwa mkopeshaji, na katika moja viti vilichukuliwa watoto wakitazama, vikafungwa kwa kamba juu ya boda boda vilevile kama vilivyokuja. Waswahili walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kidonda cha deni kinaendelea kuuma hata kitambaa cha sofa kikishachakaa.

Sina neno baya kwa mafundi wa samani mpya. Ukishuka barabara ya Ggaba pale Nsambya, au ukienda Bwaise, utaona kazi za mikono ya Waganda ambazo zingeweza kusimama katika nyumba yoyote duniani. Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika ufundi huo. Mwenye fedha mkononi na anunue, fundi naye ale jasho lake. Nasema na yule asiye nazo, ambaye anaahirisha kupokea watu mpaka siku atakapokuwa na sofa. Kwake nasema: tafuta vya zamani.

Basi Alhamisi tukatoka watu wanne kutafuta kiti, mama huyo, mke wangu, mimi, na mzee mmoja wa kanisa aliyefanya useremala Ndeeba kwenye mbao kwa miaka mingi. Tulianza na bei ya vipya ili tujue tunalinganisha na nini. Seti ya watu saba tuliyoiulizia ilitajwa shilingi 1,800,000. Mama akacheka, akanishika mkono, tukaendelea na safari.

Nyuma ya maduka, katika ua mmoja uliojaa vitanda vya shule, madawati na makabati ya chuma, mzee alisimama mbele ya kiti ambacho mimi nilikuwa nimekipita. Kilikuwa cheusi kwa vumbi na vanishi iliyozeeka, mikono yake mipana kiasi cha kuweka kikombe cha chai, mto wake umepasuka na sponji imegeuka unga wa njano. Mzee hakuutazama mto. Alikipindua kiti miguu juu. Akakwaruza kwa ukucha sehemu ambayo vanishi haikufika, akatuita tutazame: rangi ya kahawia yenye dhahabu kwa ndani. "Mvule," akasema. Akatuonyesha viungo. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila mguu uliingia katika tundu lake na kufungwa kwa kijiti cha mbao. Akakishika kwa mikono miwili akakitikisa kwa nguvu, akasikiliza. Mguu mmoja ulilia kidogo. "Huo ni wa gundi tu," akasema. Kisha akatafuta matundu madogo ya wadudu na unga wao, asiuone. Mchwa hawaupendi mvule, na ndiyo sababu mti huu ulikatwa sana mpaka leo mbao yake mpya ni ghali na ni ya kutafutwa. Mti wake huchukua makumi ya miaka kukomaa. Aliyeketi katika kiti kile mara ya kwanza huenda alishazikwa, nacho bado kina nguvu ya kumbeba mtu mwingine maisha yake yote.

Chini ya kiti palikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, kwa brashi, kama zinavyoandikwa namba za mali ya ofisi au ya shule.

Hapa naomba tusimame kidogo. Nilimuuliza mwenye ua: kiti hiki kimetoka wapi? Baadhi yenu mtasema swali la namna hiyo humpandisha muuzaji hasira. Huyu hakukasirika. Alikwenda ndani akaleta risiti ya mnada wa hadhara. Ofisi za umma Uganda zikichoka na vitu vyake huvifuta katika vitabu na kuviuza kwa mnada, na wenye yadi hununua kwa mafungu. Nikamshukuru. Lakini kama angekosa jibu, au angetujibu kwa mkato, tungekiacha pale pale hata kama kingekuwa cha bure. Kitu cha zamani kina mtu nyuma yake, na mnunuzi Mkristo ana wajibu wa kuuliza mtu huyo alikiachaje.

Kampala inalijua jambo hili kuliko miji mingi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Maelfu kwa maelfu walipanda ndege wakiwa na mizigo michache, wakaacha maduka na nyumba, na ndani ya nyumba meza zikiwa zimesimama na sahani zikiwa kabatini. Wengine wakaingia na kukaa katika viti hivyo. Miaka saba baadaye, Aprili 1979, Amin alipoanguka, watu waliingia madukani na majumbani mjini na kubeba walichoweza vichwani, vitanda, makochi, majokofu. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya majengo kurudi kwa wenyewe, na wengi walirudi kuyadai. Lakini kiti cha sebuleni nani angekitafuta? Kilikwisha kupita mikono mitano.

Siwaambii haya ili mwogope kila kabati kuukuu. Nawaambia kwa sababu katika kanisa letu tuko tulioacha nyumba zetu jinsi hiyo hiyo. Goma, Bukavu, Uvira, Bunia. Saa hii yuko mtu anayeketi katika viti sita vya mama mkwe wa dada yetu. Sisi tunaojua uchungu wa kuacha tusiwe watu wa kununua bila kuuliza.

Kuna na jambo la bei. Mithali 20 mstari wa 14 unamchora mnunuzi ambaye sokoni anakiponda kitu, na akishaondoka nacho anajisifu njiani. Mnunuzi huyo anaishi Kampala, na nakiri kwamba amewahi kuishi ndani yangu. Kupatana bei si dhambi. Ni desturi yetu, muuzaji naye anaitegemea. Kwa mwenye ua tulipatana vizuri. Alianza na shilingi 60,000, tukamaliza 40,000, na yeye akatabasamu kwa sababu faida yake ilikuwa imebaki. Kiti cha pili kilikuwa habari nyingine.

Kiti cha pili tulikipata kwa jirani, baba aliyekuwa dereva katika mradi mmoja wa afya. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, kazi yake ilikatika, na tangu hapo amekuwa akiuza vitu vya nyumba kimoja kimoja. Alitaja bei ya chini, haraka, kama mtu anayetaka maumivu yaishe. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni anakitazama kiti. Mama wa kwaya, ambaye mwenyewe ni mkimbizi, alihesabu noti zake, akaongeza juu ya bei iliyotajwa, akasema, "Baba, kiti hiki ni kizuri, usikitaje hivyo." Nimehubiri miaka mingi kuhusu kumpenda jirani. Sijawahi kuifafanua aya hiyo vizuri kama alivyofanya yeye pale barazani, kwa noti mbili za elfu tano.

Sasa mashauri ya kazi, maana nimeulizwa na wengine wanaotaka kufuata njia hii. Mzee wetu ana kanuni moja: mbao nunua ya zamani, sponji nunua mpya. Sababu yake ni kunguni. Kunguni hukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukiacha kiti nje siku tatu hakusaidii kitu. Mulika tochi ya simu kwenye mishono na pembe za mto. Ukiona vitone vyeusi kama wino, acha. Hata usipoviona, vua mto na kitambaa chote kabla kiti hakijavuka kizingiti chako, vitupe mbali, na fremu uimwagie maji yanayochemka kwenye kila ufa, kisha uianike juani ikauke kabisa. Ndipo msasa. Mama na wanawe walisugua kiti cha mvule jioni nzima ya Ijumaa. Vumbi lilipokwisha na mkono wa kwanza wa vanishi kupita, mbao ilijitokeza kama mtu aliyenawa uso. Gundi iliingizwa katika mguu uliokuwa ukilia, ukafungwa kwa mpira wa baiskeli usiku kucha. Sponji mpya ilikatwa kwa kipimo, na kwa kitambaa hatukutoa hata shilingi: alifungua sanduku lake, akachagua kitenge cha majani mabichi na manjano ambacho wateja walikikataa kwa kuwa kina kasoro ya uchapaji pembeni. Kasoro ikashonewa ndani.

Kigoda tulikipata kwa fundi wa vipande vya mbao. Meza ni kreti ya soda iliyopinduliwa, imewekwa kibao juu na kitambaa alichofuma mwenyewe kwa sindano. Mkeka wake wa ukindu haukuondoka, na nisingependa uondoke. Hapa Buganda mkeka ni mahali pa heshima, na mgeni anayetandikiwa mkeka safi hajadharauliwa. Ninaona vyumba ambamo sofa ya watu saba imejazwa mpaka mlango haufunguki wote, mgeni anapita kwa ubavu, na watoto hawana pa kuchezea. Viti viwili na mkeka vinapokea watu wengi kuliko sofa ile.

Ukutani alitaka kitu. Mke wangu akampa kipande cha lubugo, kitambaa cha gamba la mti wa mutuba. Wengine katika kanisa wanakiogopa kwa sababu Waganda huwazika wafu wao ndani yake, nami naiheshimu dhamiri ya kila mtu. Lakini tazameni kinavyopatikana. Fundi huvua gamba la mti wakati wa mvua, halafu hulifunga shina kwa majani ya migomba kama unavyofunga kidonda, na mti huota gamba jipya; mwaka mwingine humpa tena. Gamba lenyewe hupigwa kwa nyundo za mti mpaka litanuke na kulainika, na jua hulipa rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha ya urithi wa binadamu. Mti uliovuliwa ukavikwa tena: sioni cha kuogopa hapo. Mama alikisikiliza kisa hicho hadi mwisho, akakitundika mwenyewe, mkabala na mlango.

Hadi hapo nimesema habari za viti. Lakini swali lake lilikuwa la kurudi, nami sitaki kulikwepa.

Mwanamke wa Shunemu tunamkuta tena katika sura ya 8, na wengi hatufiki huko. Elisha alimwonya kwamba njaa ya miaka saba inakuja, ahame. Akaondoka na watu wa nyumba yake, akaenda kukaa ugenini katika nchi ya Wafilisti miaka saba yote. Yule aliyewahi kumpangia msafiri chumba akawa msafiri. Kile chumba cha juu, na kitanda na meza na kiti na taa yake, vikabaki nyuma, sijui mikononi mwa nani. Miaka ilipotimia alirudi akaenda kwa mfalme kudai nyumba yake na shamba lake, na mfalme akaamuru arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka.

Dada yangu, angalia vizuri. Miaka saba katika nchi ya Wafilisti alikaa wapi? Biblia haisemi, lakini mimi siamini kwamba mwanamke yule, aliyeshindwa kumwona mpita njia akitembea na njaa, alikaa miaka saba ugenini bila kumwekea mtu kiti. Na kukaa kwake huko hakukufuta haki yake Shunemu hata kidogo. Alirudi na kudai kila kitu. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba na wakae humo, wapande bustani na kula matunda yake. Na katika barua hiyo hiyo akawapa ahadi ya Mungu ya kuwarudisha kwao. Aliona kwamba mambo hayo mawili yanakaa katika moyo mmoja. Kiti ulichonunua Kampala hakijaiuza nyumba yako ya Bukavu. Viti sita vya mama mkwe ni vyako, na tutaendelea kuomba mbele za Mungu hadi siku utakaposimama kuvidai. Lakini wakati huo wote watoto wako wanahitaji kuona mama yao akiwaambia watu karibu.

Na wewe mwenyewe unahitaji wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wa pwani, na mwanamke wa Shunemu alilijua hilo kwa machozi: mtoto wake alipokufa, alimlaza juu ya kitanda kile kile alichomwekea nabii, na hapo ndipo mtoto alipofufuka. Kama asingekuwa ameweka kitanda, angempeleka wapi?

Jana usiku mama huyo alinitumia ujumbe kwenye simu. Ameketi, anasema, kwenye kiti cha mvule, watoto wamelala nyuma ya pazia, na kwa mara ya kwanza tangu afike amekunywa chai yake bila kuchuchumaa.

Zamu yake hatutaipita. Sala ya nyumbani ya Ijumaa hii itakuwa kwake, Katwe, saa kumi na moja jioni. Viti ni viwili na kigoda kimoja. Vitakuwa vya wazee. Sisi wengine tutakaa mkekani, na mwenye mkeka wa ziada aje nao.